Bega limeumia kazini Colorado, daktari hataki kutoa asilimia?

Pole sana kaka. Umesema uliumia bega kiwandani huko Colorado, daktari kakwambia tiba imefika kikomo lakini asilimia ya ulemavu hajakupa. Sio lazima anakuhujumu bwana, kule hata awe bingwa vipi haruhusiwi kutoa asilimia ya ulemavu wa kudumu kama hana akreditesheni ya Leveli 2, ile wanayosomea kozi ya idara ya fidia za wafanyakazi na kufanya mtihani, sasa kama hana anatakiwa akutume kwa mwenye nayo, muulize hivyo hivyo usoni. Huyo wa Leveli 2 atakupima na kifaa cha kupimia pembe za kiungo, unanyanyua mkono mbele, pembeni, nyuma, anaandika digrii, halafu anapata asilimia kwa kufuata mwongozo wa AMA, chama cha madaktari wa Marekani, toleo la 3 lililorekebishwa (la zamani kweli, ila sheria yao imeling'ang'ania). Usijikaze kiume siku hiyo, ikiuma sema, na omba mkalimani, mambo ya kumbeba mtoto akutafsirie achana nayo. Bima wakituma barua ya mwisho ya kukubali madai na asilimia iliyomo huikubali, una siku 30 tangu ilipotumwa kuomba upimwe upya na daktari huru, kipimo hicho wenyewe wanakiita DIME. Zikipita imekula kwako.