Chupa Isiyo na Jina: Ushauri kwa Vijana wa Mita 100 Kutokana na Fainali ya Seoul

Majuzi mama wa mmoja wa vijana ninaowafunza mbio alinipigia simu saa tatu usiku kuniuliza kama mwanawe anaweza kumeza dawa ya mafua aliyomnunulia kwenye duka la dawa karibu na stendi ya matatu. Nilimwomba anisomee kila neno lililoandikwa ubavuni mwa pakiti, naye akasoma polepole, herufi kwa herufi pale majina yalipomshinda, mpaka akafika kwenye pseudoephedrini, nikamwambia kijana asiimeze kwa sababu mashindano yalikuwa keshokutwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwalimu, yaani hata mafua?” Nilimjibu kwamba ndiyo, hata mafua, na kwamba kemikali hiyo haikatazwi siku za mazoezi, ila siku ya mashindano ikionekana katika mkojo kupita kiwango kilichowekwa, kijana huadhibiwa. Tangu usiku ule nimekuwa nikitaka kuandika kwa kirefu kile ambacho siwezi kukieleza vizuri kwenye simu.

Nilikuwa kidato cha pili mwaka wa 1988. Hapa Kenya tunaikumbuka Olimpiki ya Seoul kwa furaha, kwa sababu Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walituletea dhahabu za riadha, na Robert Wangila akatuletea ya ndondi. Lakini mimi nilikuwa mkimbiaji wa mita 100, na moyo wangu ulikuwa kwenye fainali ya tarehe 24 Septemba. Ben Johnson, mzaliwa wa Falmouth huko Jamaika aliyeiwakilisha Kanada, alichomoka kwenye vyuma vya kuanzia kana kwamba wenzake bado walikuwa wakisubiri mlio wa bastola, akauinua mkono wake wa kulia kabla hajaufikia mstari wa mwisho, na saa ikasoma sekunde 9.79. Carl Lewis wa Marekani alimaliza kwa 9.92, Linford Christie wa Uingereza kwa 9.97 na Calvin Smith wa Marekani kwa 9.99. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia kasi ile. Siku tatu baadaye ilitangazwa kwamba mkojo wa Johnson ulikuwa na stanozololi, steroidi ya kujenga misuli, akapokonywa medali na rekodi, na akarudi Kanada akiwa amefungiwa kwa miaka miwili.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii: mtu alidanganya, akakamatwa, akaadhibiwa. Mimi huwataka vijana wangu waendelee hadi mwaka uliofuata, kwa sababu huko ndiko kuna somo linalowahusu. Serikali ya Kanada iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Charles Dubin, na mbele ya tume hiyo kocha wa Johnson, Charlie Francis, akaeleza kwa kiapo jinsi matumizi ya dawa yalivyoingia kwenye kundi lake tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Johnson mwenyewe naye alikiri. Ndipo ikajulikana habari ya chupa. Daktari wa kundi lile, Jamie Astaphan, alikuwa akiwapa wanariadha dawa ya sindano, nyeupe kama maziwa, ambayo aliiita estragoli na kudai kwamba ilikuwa furazaboli, steroidi nyingine. Tume ilihitimisha kwamba haikuwa furazaboli hata kidogo, bali ilikuwa Winstrol-V, stanozololi inayotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Johnson alijua kwamba anatumia dawa iliyokatazwa, wala simtetei. Lakini jina halisi la kitu kilichokuwa kikiingia mwilini mwake hakulijua. Mtu mwenye kasi kuliko wote duniani alidungwa dawa ya mifugo akiambiwa ni kitu kingine, na aliyemwambia hivyo alikuwa daktari wake.

Habari hiyo huniuma kwa sababu na mimi nina chupa yangu. Mwaka wa 1993, nikiwa chuo cha ualimu, niliumia msuli wa nyuma ya paja siku tisa kabla ya mashindano ya vyuo. Mtu mmoja aliyekuwa akisafiri na timu yetu, ambaye sote tulimheshimu na kumwita Daktari ijapokuwa sikuwahi kumwona hospitalini, alinijia bwenini jioni akiwa na kichupa kidogo kilichobanduliwa karatasi yake. Mabaki ya gundi yalikuwa bado yanaonekana kwenye kioo. Nilimwuliza ni nini, akasema ni vitamini za kuharakisha uponyaji. Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, naye alikuwa na umri wa baba yangu, na katika malezi yangu kijana hamhoji mtu mzima mara mbili. Alinidunga siku tatu mfululizo. Nilikimbia, nikashinda, hakuna aliyepimwa, na ile medali ninayo mpaka leo kwenye sanduku. Sijawahi kuitundika ukutani, kwa maana sijui nilidungwa nini na hakuna njia tena ya kujua. Pengine ilikuwa vitamini kweli. Nimeishi zaidi ya miaka thelathini na neno hilo “pengine”, na ni kwa sababu yake ninawasumbua wazazi wanisomee pakiti za dawa usiku.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuhusu swali hilo la pili nililoshindwa kuliuliza. Kijana, mtu yeyote anapokuletea kitu cha kumeza, kupaka au kudungwa, awe kocha, daktari, kaka yako au mimi mwenyewe, mwombe kwa adabu uone chupa na jina lililoandikwa na kiwanda. Unaweza kusema, “Samahani, Mzee, naomba nisome kwanza, kwa sababu nikipimwa ni mimi nitakayejibu.” Hakuna ukosefu wa heshima katika maneno hayo. Akikasirika, akificha chupa, au karatasi ikiwa imebanduliwa, funika mkono wako uondoke. Kanuni za kupambana na pufya, yaani matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, zinasema wazi duniani kote kwamba mwanariadha ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachopatikana katika sampuli yake, hata kama hakukusudia na hata kama kilitiwa mwilini mwake na mtu aliyemwamini. Nia yako inaweza kupunguza adhabu. Haiwezi kukurudishia mbio.

Sisemi haya kwa kuwatisha kwa mambo ya Kanada na ya zamani. Ferdinand Omanyala, ambaye vijana wote wa mita 100 wa nchi hii wanataka kuwa kama yeye, alifungiwa kwa miezi 14 baada ya betamethasoni kupatikana katika sampuli yake mwaka wa 2017, dawa iliyomwingia wakati akitibiwa maumivu ya mgongo. Alirudi, na tarehe 18 Septemba 2021 akakimbia sekunde 9.77 pale Kasarani, rekodi ya Afrika. Fikiri ni misimu mingapi ya ujana wa mtimkaji imo ndani ya miezi 14. Mwaka huohuo wa 2021, asubuhi ya mchujo wa mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo, Mark Otieno alisimamishwa kabla ya kukimbia kwa sababu sampuli yake ilionyesha methasteroni, steroidi ya kujenga misuli. Yeye alieleza kwamba ilitoka kwenye virutubisho alivyokuwa akitumia, na hatimaye akafungiwa kwa miaka miwili. Mtu amesafiri kutoka Nairobi mpaka Japani, viatu vya misumari vimo mkobani, halafu anaambiwa asiende uwanjani. Sijui kama kuna maneno ya kumfariji mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo jambo la virutubisho nalitilia mkazo wa pekee. Siku hizi kila chumba cha kunyanyulia vyuma mjini kina mtu anayeuza unga ndani ya makopo makubwa yenye picha za misuli, na vijana wangu huchanga fedha za nauli ili wanunue. Kopo huweza kuorodhesha viungo kumi na kuwa na cha kumi na moja ambacho hakikuandikwa, ama kwa makusudi ili unga uonekane una nguvu, ama kwa sababu mashine ya kiwandani haikusafishwa. Neno “asilia” kwenye kopo halithibitishi kitu, na mitishamba isiyojulikana imo katika hatari hiyohiyo. Christie mwenyewe, katika Olimpiki ileile ya Seoul, alikutwa na chembechembe za pseudoephedrini baada ya mbio za mita 200, akaeleza kwamba zilitoka kwenye chai ya jinsengi, na wajumbe wa Olimpiki waliosikiliza kesi yake wakamwondolea kosa kwa kura 11 dhidi ya 10. Kura moja tu. Kijana wa miaka kumi na saba anayekula ugali, maharagwe, mayai, samaki na matunda, na kulala kwa muda wa saa tisa kila usiku, hahitaji kopo lolote, na nimewaona wengi wakipunguza muda wao kwa chakula hicho.

Hospitalini nako kuna mambo ya kukumbuka. Kabla mhudumu hajaandika dawa, mwambie kwamba wewe ni mwanariadha unayeweza kupimwa wakati wowote, ukinyamaza, hatajua. Jihadhari na sindano za maumivu ya goti, kifundo au mgongo, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2022 dawa za jamii ya glukokotikoidi, kama ile betamethasoni ya Omanyala, zimekatazwa wakati wa mashindano kwa njia zote za sindano, na baadhi yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Jihadhari pia na dripu. Watu wengi hawajui kwamba kutiwa maji kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa iwe sehemu ya matibabu halali ya hospitali, na kule kwetu mtu akichoka tu hukimbilia zahanati “kuongezwa maji”. Ukiwa mgonjwa kweli, tibiwa, kwa maana uhai hutangulia mbio. Lakini hifadhi karatasi zote za matibabu, na uombe ruhusa ya kutumia dawa hiyo kupitia Shirika la Kupambana na Pufya la Kenya, ADAK. Orodha ya dawa zilizokatazwa hubadilishwa kila Januari. Kwa sababu hiyo jibu nililokupa mwaka jana, hata kama lilikuwa sahihi, usilitegemee mwaka huu.

Vijana wangu wote wana daftari. Humo huandika kila walichomeza, tarehe, mahali walipokinunua na aliyewapa, na pakiti tupu huiweka kwenye bahasha iliyobandikwa nyuma. Si jambo la makaratasi tu. Siku ya kupimwa utaulizwa dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita, huku umechoka, umezungukwa na watu usiowajua, na unasubiriwa utoe mkojo mbele ya shahidi. Akili haikumbuki vizuri wakati huo. Chagua mwenyewe vifaa vya sampuli, hakikisha havijafunguliwa, gawanya mkojo wako katika chupa A na B na uzifunge kwa mikono yako, soma fomu yote kabla ya kutia saini, na ukiona kasoro iandike papo hapo.

Sasa niseme neno kuhusu Calvin Smith, kwa sababu kila nikiitazama tena fainali ile jicho langu humwendea yeye. Alikuwa njia ya 5, ubavuni mwa Johnson, mtu mpole aliyewahi kuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 9.93 aliyoiweka mwaka wa 1983. Alimaliza wa nne akatoka uwanjani bila kitu shingoni, akaja kupewa shaba baada ya Johnson kuondolewa. Miaka ilivyopita, wengi wa wale wanane waliguswa na kashfa kwa namna moja au nyingine: Johnson alipatikana tena na testosteroni mwaka wa 1993 akafungiwa maisha, Dennis Mitchell na Christie walifungiwa baadaye, na mwaka wa 2003 ikafichuka kwamba Lewis naye alikuwa amekutwa na vichangamshi katika majaribio ya Marekani ya mwaka uleule wa 1988, akasamehewa. Jina la Smith halikuingia katika habari hizo. Vijana wanapouliza nani alishinda mbio zile, mimi huwaambia kwamba rekodi zinamwandika Lewis, kisha nawaomba wairudishe video mwanzo na wamtazame mtu wa njia ya 5 kuanzia mlio wa bastola mpaka mwisho, jinsi anavyokimbia bila kugeuza uso kumwangalia aliyemtangulia.

Yule kijana wa mafua alikimbia keshokutwa yake akiwa bado anapenga kamasi, akashindwa kuingia fainali, na mama yake alinikuta kwenye jukwaa akanishika mkono bila kusema neno. Jioni nilikagua madaftari kama kawaida. Pakiti ya ile dawa imo kwenye bahasha yake, vidonge vyote vikiwa kamili, na kando ya tarehe na jina la duka ameandika kwa kalamu nyekundu: sikumeza.