Ngozi Zilifika, Taarifa Hazikufika

Juzi msomaji mmoja wa Thika ameniandikia. Bosi wake anataka blokcheni, yaani daftari la kidijitali ambalo wahusika wengi huliandika kwa pamoja, kwenye ugavi wa kiwanda chao, aanzie wapi? Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, maana miaka miwili iliyopita kazi hiyo ilikuwa yangu, katika kiwanda cha viatu hapa Eneo la Viwanda, Nairobi.

Mfumo wetu ulikuwa mzuri, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Kila furushi la ngozi lilipewa namba. Machinjio, dalali, wachakataji, dereva na sisi, kila mmoja aandike hatua yake kwenye daftari moja lisilofutika kimyakimya. Niliwasimulia wakubwa jinsi Walmart, wale wenye maduka makubwa ya Marekani, walivyotafuta chanzo cha maembe kwa blokcheni: kazi ya karibu siku 7 ikawa sekunde 2.2. Walipiga makofi.

Wiki ya tatu dalali mmoja, mzee ninayemheshimu sana, akaniita kando. "Kijana wangu, nikiandika humu nilikonunua na bei niliyotoa, kesho si mtaenda wenyewe?"

Nilikosa jibu. Miezi yote ile ya kupanga, hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye atafaidi nini. Ngozi aliendelea kuleta, lakini taarifa alizijaza karani wetu Ijumaa jioni, kwa kukisia. Na blokcheni haijui kukisia ni nini. Hutunza uongo kwa uaminifu uleule inaotunzia ukweli.

Mradi ukafungwa. Kikaoni nikaambiwa nilichagua teknolojia ghali. Bado inaniuma, kwa sababu teknolojia haikuwa na kosa. Hata Maersk, kampuni ya meli za mizigo, na IBM ya kompyuta, waliozindua TradeLens, mfumo wa blokcheni wa kufuatilia mizigo ya meli, mwaka 2018, walitangaza kuifunga Novemba 2022, wakisema ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Wao walikuwa na pesa kuliko sisi sote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, programu iache kwanza. Mtafute kila atakayeandika taarifa, umuulize anapata nini: kulipwa mapema? Kupunguziwa makaratasi? Amueni mapema nani aone bei na nani asiione. Mifumo ya blokcheni kama Hyperledger Fabric inaruhusu hilo, nasi hatukulitumia. Na kama taarifa zote ni za kampuni yenu peke yake, hifadhidata ya kawaida inawatosha, msitupe pesa.

Nenda kwa dalali wenu wiki hii. Akikwambia anachoogopa, niandikie tena kabla hamjasaini mkataba wowote.