Kitako cha mti cha bunduki kisitupwe

Sheikh, unauliza kama kitako cha mti cha ile rifali ya marehemu mzee, yaani ule mti wote unaobeba mtutu, kibadilishwe, kwa vile kimechakaa. Maadamu hakijapasuka, kiache. Huku Pemba adui si uzee, ni unyevunyevu: mti ukinywa maji huvimba, ukasukuma mtutu, shabaha ikahama na wewe hujagusa kitu. Kipake vanishi, hasa mle ndani mtutu unapolala. Hapo ndipo wengi hupasahau. Ule mpira wa tairi aliouzungusha mzee kwenye shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, usiuvue, mkono wenye jasho hautelezi. Ila mtutu usiupige msasa ati ung'are! Ukiiondoa ile rangi nyeusi, chumvi itaula. Kitambaa kikavu na mafuta ya cherehani, kila ukirudi kuwinda nguruwe, basi.