Wajomba wanaposema "Na sisi tutakula"

Mwanangu,

Barua yako imenifikia. Unasema tangu wajomba zako wa Katuba, hapa Lubumbashi, wasikie umepewa kazi ya manunuzi huko Kolwezi, kila anayekupigia simu anamalizia kwa neno moja: "Sasa na sisi tutakula." Unaniuliza wanataka nini hasa, na kama siku moja wakikuomba umpitishie kijana wao zabuni, ukakataa, utakuwa umeukana ukoo.

Kwanza usiwahukumu haraka. Lubumbashi, mtu akisema "tutakula" hajatukana. Mji huu umesimama juu ya unga kama ulivyosimama juu ya shaba. Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, ilipoundwa mwaka 1906, watu wa kuchimba hawakutosha hapa. Wakaletwa wengine kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, na kule Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Sasa mtu uliyemtoa shambani kwake atakula nini? Ikabidi kampuni imlishe. Mahindi yakawa yanakuja kwa treni kutoka kusini, na bukari ya mahindi, ndiyo ugali, ikawa chakula cha mji, hata kwa watu ambao kwao walizoea mihogo au mtama. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoona heri mfanyakazi akae na mke wake kambini, posho ikaanza kuhesabiwa kwa familia: fungu la mume, la mke, la watoto. Ndugu zetu wa Kinshasa mpaka leo wiki wanaiita poso, maana posho ilikuwa inatoka kila wiki.

Mimi nimekuzwa na unga wa kazi ya babu yako. Siku ya kugawiwa, mama alikuwa anaamka kabla ya jua, anajifunga kitambaa kichwani, tunaenda kupanga mstari. Mfuko ukifika nyumbani haukukaa mzima hadi jioni. Mama alikuwa na kopo la maziwa lililoliwa na kutu mdomoni, ndilo alilopimia: haya ya nyumbani, haya ya shangazi aliyefiwa na mume, haya ya kijana wa kijijini aliyelala barazani kwetu akitafuta kazi. Akimaliza, anaupindua mfuko na kuukung'uta pembe zote mbili, unga wa mwisho unaangukia kwenye sinia. Mjomba wako mkubwa alikuwa anakuja mwenyewe na mfuko wake mdogo wa kitambaa. Hakuna aliyemwita mwombaji. Kazi ilikuwa ya babu yako, chakula kilikuwa cha wote, na babu yako aliheshimiwa kwa hilo kuliko kwa cheo chochote. Ndiyo sababu wajomba zako wakisikia umepata kazi wanakumbuka kopo lile. Wengi wao hawana zaidi ya hapo moyoni, mwanangu. Nawajua.

Na njaa yenyewe si hadithi. Unga wetu mwingi bado unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, sisi huku tunajua kabla redio haijasema, kwa sababu bei kwenye depo la unga inabadilika. Mwaka 2024 ukame ulipowapiga wenzetu wa Zambia, kuna nyumba hapa mtaani zilizoanza kupika mara moja tu kwa siku. Niliona wanawake wakizidisha unga wa mihogo kwenye ule wa mahindi mpaka bukari ikanata kama gundi, ili tu sufuria ijae. Mjomba wako wa tatu ana watoto saba. Akisema atakula, ana maana ya kula.

Lakini najua hukuniandikia kwa sababu ya unga. Unaogopa kula kule kwingine, kule tunakokusema mtu anapomaliza fedha za mishahara ya walimu na watu wakasema "amekula." Unafanya vizuri kuogopa. Kumbuka ulivyofundishwa sahanini. Bukari imewekwa katikati, mkubwa amenawa kwanza. Unakata tonge upande wako, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachota sombe, mboga ya majani ya mihogo. Nyama huigusi mpaka mkubwa agawe. Mkono ukivuka kwenda upande wa mwenzako, unapigwa. Nilikupiga wewe, na dada yako nilimpiga, wala sijuti. Sikuwanyima chakula, nilitaka mjue kwamba unaweza kuwa na njaa ya kweli na bado kile kilicho mbele ya mwenzako kikawa si chako. Fedha za ofisini kwako ziko upande wa wengine wa sinia. Wazee walisema: mla cha mwenzio na chako huliwa.

Atakuja mtu na bahasha. Hataiita jina lake. Atakuambia ni maharagwe ya watoto, kama wanavyosema Kinshasa, madesu ya bana, na yeye wala hajui kama una mtoto. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: kuchukua chakula cha mtoto, kitu kisafi kuliko vyote nyumbani, na kukifanya kifuniko cha uchafu. Usipokee. Ukipokea mara moja, siku ile ile atakuwa amekununua, na atakayelishwa ni yeye.

Kwa hiyo uwatenganishie wajomba mambo mawili haya. La chakula, litimize bila kusubiri uombwe. Mshahara ukitoka, nitumie bei ya mifuko miwili ya kilo 25, nitanunua depo mimi mwenyewe na kuipeleka Katuba. Usiwatumie fedha taslimu. Zinaishia kwenye madeni, halafu mtu anasema hakupata kitu. Mfuko unaonekana ukishushwa, na jirani anaona. Mjomba mkubwa apewe wa kwanza, hata kama mwenye shida zaidi ni yule wa tatu, la sivyo utakuwa umeleta maneno ambayo hata mimi sitaweza kuyazima.

La zabuni, kijana alete karatasi zake kama watu wengine. Tena usimjibu mjomba "nitaona." Wewe unadhani umekataa kwa adabu, yeye ameshasikia ndiyo, na kesho atakuwa amewaahidi watu. Sema hapana, na uiseme kwa upole, ukimwita mjomba mwanzo na mwisho wa sentensi.

Ukija Desemba, kabla hujalala hata usiku mmoja hapa kwangu, pita kwanza Katuba. Nenda na samaki, ndakala au thomsoni, mpe mke wa mjomba, ukae, ule bukari yake hata kama njiani umeshiba. Akileta habari ya zabuni, subiri wanawe wote wawe wamekaa, kisha umjibu pale pale, wote wakisikia. Nitakuwepo.

Mama yako