Jibu: Hewa huioni, mbona unaamini ipo?

Mkuu, umeuliza kwa nini sisi tusioamini Mungu tunakubali hewa ipo, ilhali Mungu tunamkataa kwa kuwa haonekani. Kutoonekana si hoja yangu hata kidogo.

Mwaka 1846, mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier aliona mwendo wa sayari ya Uranus hauendani na hesabu, akasema kuna sayari inayoivuta, tena akataja mahali ilipo. Johann Galle wa Berlin aliikuta sayari hiyo, Neptuni, usiku wa siku ileile aliyopokea barua ya Le Verrier. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo akadai kuna sayari nyingine karibu na Jua, inayovuruga mwendo wa sayari ya Utaridi. Ikapewa hata jina, Vulcan. Haikuwepo, mwaka 1915 Einstein alieleza mwendo ule bila kuhitaji sayari ya ziada.

Zote mbili zilianza bila kuonekana, ila kila dai lingeweza kubainika kuwa si kweli. Hicho ndicho ninachokikosa kwa Mungu. Maombi yakijibiwa, yupo. Yasipojibiwa, naambiwa ana mpango wake. Nakuuliza kwa heshima: kama asingekuwepo, tungeona tofauti gani?