Jina la nyumbani liandikwe kwenye cheti

Wazazi wangu walihamia Nakuru kutoka Rwanda, na kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba akiitwa Habimana, mwanawe wa kwanza anaweza kuwa Mugisha, wa pili Uwase, na hakuna anayeshangaa. Huku Kenya watu wengi wanatarajia jina la mwisho liwe la baba, basi vurugu huanzia hapo.

Siku ya kuandikishwa shule, karani aliviweka vyeti vyetu vya kuzaliwa sambamba, changu na cha kaka yangu, akamuuliza mama mbele ya foleni nzima: "Hawa ni wa baba mmoja kweli?" Mama hakubishana. Alimwekea kidole palipoandikwa jina la baba, kwenye changu, kisha kwenye cha kaka. Karani hakuwa amesoma hadi hapo.

Wengi hukwepa aibu ya aina hii kwa kulificha jina: Mugisha anakuwa Kamau shuleni. Nawaelewa. Nakuru jina husomwa kama kabila hata kabla hujavuta kiti, na waliokuwa hapa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wanajua jina la kwenye kitambulisho lingeweza kumfanya nini mtu. Bado nasema liandikwe. Jina linaloitwa na nyanya peke yake huzikwa naye.

Sisi kwa wanetu tulikubaliana hivi: la ubatizo kwanza, la Kinyarwanda katikati, la baba mwisho. Mzee alinung'unika kwamba mjukuu wake anabebeshwa majina ya watu wawili. Tulimwacha anung'unike.

Amueni kabla ya kutoka hospitali, na mliandike wenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana anayejaza fomu huandika alichosikia. Likikosewa, sheria inawapa miaka 2 tangu kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwa, kulibadilisha kwa msajili. Baadaye ni safari za wakili, na jina kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Msisubiri mwaka wa mtihani wa kitaifa, kwa kuwa majina ya watahiniwa hufuata cheti cha kuzaliwa.

Na majirani wa Kaptembwo wakimwita Uwase "Wase", waacheni. Mtaa hukata majina ya kila mtu. Hata Wanjiku ni Shiko. Mradi mtoto aweze kuliandika lote bila kuuliza mtu.