Trela ya safari: anza na mizani, tairi baadaye

Fundi anayeanza kazi hii huwa anaanzia kwenye tairi. Mteja ameleta trela ya kulala yenye rimu za inchi 14 na matairi ya 185 (upana wa milimita 185), anataka iinuke ifike Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na fundi tayari yuko Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akiulizia matairi makubwa. Ngoja kwanza. Kabla hujanunua hata nati moja, jua trela ina uzito gani ikiwa imejaa maji, gesi, betri, vyombo na mahema. Lita 100 za maji ni kilo 100, na hizo ndizo husahaulika.

Ipeleke kwenye mizani ya malori. Tuseme imetoka kilo 1,500, na kilo 150 kati ya hizo zimelalia kiungio cha gari. Magurudumu mawili yanabaki na 1,350, yaani 675 kila moja. Ongeza asilimia 20 kwa sababu ya mashimo, unapata 810. Sasa soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900. Basi 100 halitoshi, hata muuzaji akuapie. Angalia na umri: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela hukaa juani miezi bila kuzunguka, kwa hiyo huzeeka na kupasuka meno yakiwa bado marefu.

Kwenye rimu, fuata gari linalovuta. Kama ni Prado au Hilux ya stadi 6 (bolti zinazoshika rimu), kipenyo cha duara linalopita kwenye stadi ni milimita 139.7, tafuta habu ya trela, yaani kitovu kinachofungwa rimu, yenye vipimo hivyo na tairi la saizi ile ile, na spea moja itatumika kote kuwili. Lakini chunga nati. Rimu nyingi za alumini za Toyota hutaka nati yenye shingo na washa bapa, za chuma hutaka nati ya koni. Ukizichanganya zitakaza vizuri gereji, kisha zilegee njiani.

Tairi la 185 R14 lina kipenyo cha milimita 650 hivi, tairi kubwa la 265/75 R16 kama 804. Ekseli inapanda nusu ya tofauti hiyo, karibu milimita 77. Pandisha na kiungio cha gari mpaka trela ikae sawa. Ikivutwa pua ikiwa juu, uzito unarudi nyuma na trela inaanza kuyumba mteremkoni. Na ujue breki zile zile sasa zinazuia tairi kubwa zaidi, kwa hiyo zitashika kidogo kuliko awali.

Springi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Dawa ya haraka mitaani ni kuongeza majani, yaani bapa za chuma za springi, na ni dawa mbaya. Springi ikiwa ngumu kuliko mzigo, trela inaruka badala ya kunesa, na kwenye marami yenye mikunjo kama mabati kinachovunjika ni kona za chesisi na kabati za ndani. Weka springi inayolingana na uzito uliopima, kisha funga shokabsoba. Trela nyingi hazina kabisa.

Ukitaka kuhamisha ekseli kutoka juu ya springi hadi chini yake, usiigeuze. Ekseli nyingi za trela zimepindwa kidogo kwenda juu katikati. Ukiigeuza, magurudumu yanainama kwa ndani na matairi yanalika upande huo. Chomelea vikalio vipya vya springi upande wa juu wa ekseli. Mshono uende kwa urefu wa ekseli tu. Ukiupitisha kwa upana, ufa utaanzia hapo hapo. Waya wa athi wa mashine ya kuchomelea ushikwe kwenye ekseli yenyewe, karibu na unapochomelea. Ukiushika kwenye habu, umeme unapita ndani ya beringi na kuziachia vidoa ambavyo baadaye vitalia.

Bolti za U, zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila mara, kwa kuwa za zamani zimeshavutika. Zikilegea, jani kuu hukatika penye bolti ya katikati.

Beringi: kaza nati ya ncha ya ekseli huku ukizungusha habu mpaka habu iwe nzito, legeza nati, kisha irudishe kwa vidole na utie pini mpya. Rangi mbichi kati ya rimu na habu ikwanguliwe, maana hubonyea na kulegeza nati za gurudumu.

Safari ya kwanza, tuseme ya Nairobi hadi Narok, simama ukishateremka Mai Mahiu, kaza nati za magurudumu na bolti za U. Usigusie habu hapo, joto la breki litakudanganya. Igusie Narok, baada ya tambarare: ikiwa vuguvugu, endelea; ikikuchoma kiganja, fungua beringi papo hapo.